Pombe ya Mtama kwa Mawaziri wa Rooty Hill

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Verdiane aliingiza mkono chini ya mto, akatoa simu, akatafuta jina la mwanawe. Hakumwandikia kitu. Alitazama tu pale chini ya jina, panapoonyesha mtu alionekana mara ya mwisho lini. Akikuta ni jana, au alfajiri ya leo, alisema "Haya" peke yake, kama mtu aliyeitikiwa salamu, ndipo akainuka kwenda kuchemsha chai. Akikuta bado ni ileile ya juzi, hakuchemsha. Alivaa sare ya kazi akaondoka na tumbo tupu, na siku hiyo hata wazee aliowaogesha kwenye nyumba ya kutunza wazee kule Toongabbie walijua kwamba mikono ya Verdiane iko hapa lakini mwenyewe hayupo.

Mwanawe aliitwa Irambona. Alifika Australia akiwa bado wa kubebwa mgongoni, akitokea kambi ya wakimbizi ya Kasulu, Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa cha kusikia tu. Mama akisema Kiswahili, mtoto alijibu Kiingereza. Hivyo ndivyo walivyoishi Lidcombe, Sidni, miaka yote, kila mmoja na upande wake, na hakuna aliyeona ajabu.

"Ira, umekula?"

"Yeah, Mum."

"Umekula nini?"

"Just food, Mum."

Basi, yakaisha. Mwaka jana, alipomaliza shule akakaakaa bila kazi, alisema anakwenda Queensland kuchuma ndizi na wenzake. Verdiane akamfungia chapati za njiani. Baada ya wiki chache akapiga simu, akasema yuko salama, kazi ni ngumu lakini yuko salama. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na wanawake wanatwanga. Verdiane akamwacha aseme yote, halafu akamwuliza taratibu, "Ira, huko Queensland wanatwanga nini?"

Mtoto akasema, "Don't be mad, Mum."

Alikuwa amekwenda vitani.

Vita vyenyewe vilikuwa vya kwao, kule milimani walikozaliwa wazazi, na vilikuwa na serikali yake. Serikali hiyo haikuwa na jengo. Rais aliishi Ulaya, mgonjwa. Mawaziri walikuwa wametawanyika katika kila nchi iliyowapokea, na mambo waliyaamua kwa simu. Sidni ilikuwa na watatu. Wa ulinzi ni Mzee Callixte, ambaye siku za kazi aliendesha foklifti kwenye ghala. Wa mambo ya nje ni Mzee Bigirimana, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyelipwa kusukuma viti vya walemavu. Wa vijana ni Prince, kijana mwenyewe, aliyepeleka vyakula vya mahotelini kwa baiskeli ya umeme na kuvaa kofia ya kijeshi hata kwenye ubatizo. Walikutana Jumamosi kwenye gereji ya Callixte huko Rooty Hill, kati ya friza na mashine ya kukatia majani, na wakishaingia humo kila mmoja wao aliitwa Mheshimiwa.

Watu wengine waliwacheka. Lakini kule milimani kulikuwa na vijana wenye bunduki waliokuwa wakingoja neno kutoka kwenye gereji ile, na mmoja wao ni Irambona. Verdiane hakucheka.

Yeye hakuwa waziri wala hakuwa na kiti. Alikuwa anapika. Tangu vikao vianze alipika maharage, akapika na isombe, kisamvu cha kwao, akapitisha sahani, akakusanya sahani. Aliwaona wakiwafundisha vijana nyimbo za kwao, akamwona mwanawe akichezesha midomo tu kwa sababu maneno yenyewe hakuyajua. Wakati ule aliona ni vizuri. Mtoto ajue kwao, alisema moyoni, akaongeza chumvi.

Habari ilimkuta kazini. Nella, mke wa Callixte, alimpigia wakati wa mapumziko, akinong'ona kama mtu aliyejificha kabatini.

"Mama Ira, uko peke yako?"

"Niko na Stephania. Sema tu."

"Wale wa upande wa pili wameita mazungumzo. Kweli kweli, si maneno. Ulaya wamegawanyika nusu kwa nusu, Kanada vilevile. Imebaki sisi. Jumamosi ya wiki ijayo wazee wanakata shauri. Wakisema ndiyo, watoto wanateremka, wanakaa mahali wanalindwa mpaka wakubwa waelewane."

"Na wakisema hapana?"

"Wanapanda mlima ule wa minara ya simu. Kesho yake tu, Jumapili." Nella akashusha sauti zaidi. "Na kundi la Ira ndilo linatangulia mbele. Callixte alikuwa anaongea na simu, anafikiri nimelala."

Verdiane aliweka simu mezani, akaanza kukunja taulo ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa. Stephania alimtazama. Huyu alikuwa Mtanzania wa Tanga, mwenzake wa zamu, mwanamke asiyeweza kuona mtu amenuna akapita.

"Haya, nani kafa?"

"Bado," Verdiane akasema, na akamweleza.

Stephania alishika kiuno. "Yaani roho ya mtoto inaamuliwa gereji? Na yule wa foklifti? Dada yangu, si uende ukawaambie! Fungua mdomo wako."

"Sina kiti pale."

"Kaa chini."

"Stephania, kwetu si hivyo. Mwanamke akitoka jikoni akaingia kupayuka, watamsikiliza vizuri sana. Watatikisa vichwa. Halafu watafanya walichotaka. Sisi hatugombani, sisi tunakuacha uishiwe maneno."

"Sasa mtu mwenye shida anafanyaje?"

Verdiane akasimama na taulo mkononi. Halafu akasema, kama mtu anayejiambia mwenyewe, "Anapeleka kinywaji."

Kwao mtu mwenye haja haendi mikono mitupu. Anakwenda na kinywaji, anakiweka chini mbele ya wenye nyumba, kisha anaomba apewe neno. Hakuna anayekigusa kabla neno halijasemwa. Wenye nyumba wakiona hawawezi kumpa anachotaka, wanakiacha palepale, naye anaondoka nacho bila ugomvi. Lakini wakinywa, wamekubali. Hakuna tena kurudi nyuma. Ndivyo wasichana walivyoposwa, ndivyo majirani walivyopatana mipaka ya mashamba, na desturi hiyo watu waliivusha hadi kambini na kutoka kambini hadi Sidni, pamoja na masufuria.

"Kumbe ukinywa umekwisha!" Stephania akacheka, akapiga paja. "Mimi huko kwenu ningeshaolewa mara ngapi!"

Hata Verdiane alicheka. Lakini jioni ileile alipita kwenye duka la Wahindi karibu na stesheni ya Toongabbie, akanunua mtama.

Angeweza kununua bia za dukani kama wafanyavyo wengine siku hizi. Lakini kinywaji cha mkono kina uzito wake, na haja yake ilikuwa nzito. Aliuchipuza mtama kwenye mataulo bafuni. Aliuanika roshani, akakaa na fagio kufukuza ndege. Akausaga, akaupika, akautia kwenye ndoo nyeupe yenye kifuniko, akaiweka ndoo pembeni ya mashine ya kufulia na kuivika blanketi la Irambona la utotoni. Jirani wa chini alipanda kuuliza kama kuna kitu kimeoza. Verdiane alimpa keki, akamwambia ni dawa ya familia.

Usiku hakulala sana. Hofu yake ilikuwa moja tu, ile ndoo. Aliiona ikiwa imekaa chini gerejini, haijaguswa, na wazee wanatazama pembeni, na yeye anaiinua mwenyewe kurudi nayo kwenye treni.

Jumamosi hiyo Sidni iliwaka jua. Kutoka Lidcombe hadi Rooty Hill Verdiane alisimama mlangoni mwa behewa akiwa ameikumbatia ndoo iliyofungwa kwenye kigari cha sokoni, na juu yake chupa za Fanta kwa ajili ya waliookoka, wasiogusa pombe. Alipofika, shata ya gereji, ule mlango wa bati wa kukunja, ilikuwa imeinuliwa nusu ili hewa iingie. Alisikia sauti kabla hajaona nyuso.

"Miaka yote hii tunazika," Bigirimana alikuwa akisema, "na mpaka uko palepale. Wametuita mezani. Twende tukasikie. Kusikia si kutia sahihi."

"Mezani tulikwenda mara ya kwanza, Mheshimiwa," Callixte akajibu. "Waliokwenda walirudi na suti mpya. Vijana walirudi na nini?"

"Basi safari hii tukatae suti."

Prince akacheka. "Mzee Biga anaogopa bwana. Tangu lini wa mambo ya nje akapigana? Yeye ni mtu wa pasipoti."

"Na wewe ni mtu wa piza, mwanangu," Bigirimana akasema bila kuinua sauti. "Milima ile umeiona kwenye simu."

"Nitakwenda! Serikali ikinituma nitakwenda!"

"Serikali ni wewe. Jitume."

Callixte alipiga friza kwa kiganja. "Waheshimiwa! Sikilizeni. Mimi sikatai kuongea. Lakini tukienda leo, tunakwenda kama ombaomba. Tuchukue kwanza mlima. Tukiwa na mlima, wao ndio watatutafuta."

"Na tukiukosa?"

"Hatuukosi. Kamanda amesema."

"Kamanda ana mtoto kwenye kundi la mbele?"

"Wewe unaye?" Callixte akamgeuzia.

Hakuna aliyekuwa naye. Binti wa Callixte, Diane, alikuwa chuoni anasomea uuguzi. Wa Bigirimana walikuwa wadogo. Prince hakuwa na mtoto popote alipopajua. Verdiane alilisikia swali lile akiwa ameinama chini ya shata, na alisikia pia jinsi lilivyokosa jibu.

Akaingia. Akaiteremsha ndoo, akaifungua, akachomeka mirija mirefu kama inavyotakiwa, akapanga Fanta kando. Akarudi nyuma hatua, akashika mikono yake tumboni.

"Naomba neno," alisema.

Callixte aliinua mkono bila kumtazama. "Subiri, Mama Ira, tutakupa." Akaendelea. Alikuwa anawataja waliokufa, mmoja baada ya mwingine, na bati la gereji lilikuwa linatoa joto kama tanuri, na jasho linamchuruzika hadi kwenye kola. Koo likamkauka katikati ya jina. Mkono wake ukanyooka pembeni, kama ulivyozoea kila Jumamosi, kutafuta bilauri ya maji ambayo Nella humwekea. Ukakuta mrija. Mzee akainama, akavuta.

Alivuta kwa muda. Alipoinua kichwa, macho yake yalikuwa yamefumbwa na sura imelegea, kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

"Aaa," akasema. "Jamani. Hii kapika nani?"

Upande wa pili Fanta ililia pss mkononi mwa Prince.

Bigirimana akavua miwani. "Mheshimiwa. Umekunywa."

"Nimekunywa. Ni tamu. Kwani?"

"Neno halijasemwa."

Callixte aliutazama mrija. Aliitazama ndoo. Halafu, polepole, akamtazama Verdiane aliyekuwa amesimama na mikono yake tumboni, naye ametoa macho kuliko wote, maana katika kukesha kwake kote hakuwahi kufikiri kwamba ingetokea hivi.

"Hiki ni chakula cha kikao," Callixte akasema. "Huyu ndiye mpishi wetu. Kila siku tunakula chake."

"Aliomba neno. Wote tumesikia. Ukamwambia asubiri."

"Mimi nimefungua Fanta tu," Prince akaingilia. "Fanta haihesabiwi."

"Walipokuja kumposa dada yako ilihesabiwa."

Mlangoni mwa jikoni Nella alijifunika mdomo kwa khanga, mabega yakimtikisika.

"Tuko Australia hapa," Callixte akajaribu tena, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Tuko Australia," Bigirimana akakubali. "Na unawaambia watoto wa watu kila Jumamosi kwamba tunapigania mambo ya kwetu. Haya, ya kwetu ndiyo haya. Mpe neno."

Verdiane akapewa neno. Hakuwa amezoea. Alianza chini sana, wakamwomba aongeze sauti.

"Waheshimiwa, mimi sina kiti hapa. Nimewapikia, sijawahi kuomba kitu. Leo naomba mtoto. Mambo ya mpaka siyajui, mlima sijui una kazi gani. Naomba mseme ndiyo. Watoto wateremke, wakubwa wakaongee. Mkishindwana huko mezani mtarudi kupigana, milima itakuwepo. Lakini mtoto si maharage, kwamba yakiungua nitabandika mengine. Ninaye mmoja. Mnamjua. Nipeni."

Nje, kwa jirani, mashine ya kupoza hewa ilikuwa inanguruma.

Callixte alikaa ameshika kichwa. Alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mtu wa kuvunja desturi. Baba yake na babu yake walikaa kwenye mabaraza kama haya, na hilo alilisema kila alipopata nafasi. Mwishowe akashusha pumzi.

"Tumekunywa," akasema. "Basi, ndiyo. Sidni inasema ndiyo. Twendeni mezani."

Bigirimana hakungoja abadili nia. Alichukua simu palepale akasema ndani yake kwamba baraza limeamua, watoto wasipande, wateremke. Akautuma ujumbe huo wa sauti kwa kamanda. Nella akapiga vigelegele. Mtu akamletea Verdiane kiti cha plastiki, akakaa, na lile joto la plastiki likampenya gauni, na akaanza kucheka bila kutaka, mkono mdomoni. Wazee waliizunguka ndoo. Hata Prince aliyenuna aliomba mrija, akasema Mungu anaelewa, leo ni dharura.

Ndoo ilikuwa imefika nusu simu ya Callixte ilipoita juu ya friza. Alitazama, akasema, "Kamanda," akaiweka wote wasikie.

"Waheshimiwa, amri tumeipata," sauti ilisema, ikikwaruza. "Lakini vijana hawakufurahi. Wanataka kuwaambia wenyewe. Ninaye hapa mmoja wa kwenu, wa Australia."

Pakapita mchakacho wa simu ikibadilishwa mikono.

"Shikamooni, waheshimiwa wazee wetu. Mimi ni askari Irambona. Kwa niaba ya wenzangu, tumepokea kwa masikitiko makubwa taarifa ya kutusimamisha. Sisi hatujachoka. Damu ya waliotutangulia haituruhusu kuketi meza moja na adui. Tunaiomba serikali itengue uamuzi wake. Na mama yangu mzazi, kama yupo hapo, ninamsihi asitutie aibu kwa machozi yake."

Ilikuwa sauti yake. Ile ile, na kile kikohozi chake kidogo katikati. Lakini Kiswahili kilikuwa kimenyooka kama cha taarifa ya habari.

"Mmesikia!" Prince akaruka, kofia ikamwanguka. "Mmemsikia mtoto! Huyo ndiye!"

Callixte alikuwa anafuta macho, na machozi yalikuwa ya kweli.

Verdiane hakuwa amelia. Alisimama, akaenda hadi kwenye friza, akaiinamia simu.

"Ira. Ni mimi. Umekula?"

"Nimekula vizuri, mama mzazi."

"Umekula nini?"

Nyuma yake mwanamume mwingine alisema kitu, kwa chini, kwa haraka. "Chakula kipo cha kutosha," mtoto akasema.

"Nijibu kama unavyonijibu siku zote, baba. Kiingereza chako kile. Neno moja tu."

Alimsikia akivuta pumzi. Aliijua pumzi ile. Alikuwa akiivuta hivyo tangu akiwa mdogo, anapotaka kumwita. Simu ikakatika.

Verdiane aliwageukia. "Yule hasemi yake. Mwanangu hawezi kusema Kiswahili kile. Nusu yake hawezi. Mnamjua, amekaa kwenye viti hivihivi, mkimsalimu anasema 'good'. Amelishwa maneno, na kuna mtu amesimama karibu yake."

"Mama Ira," Callixte akasema, na alisema kwa upole. Ule upole ndio uliomwogopesha. "Mtoto amekua. Amekwenda kwao, amepata lugha yake. Wewe ungefurahi."

"Ndani ya mwaka mmoja? Amejua na 'kutengua'?"

"Vita ni shule, mama," Prince akasema.

Verdiane akamtafuta Bigirimana. Huyu ndiye aliyemfundisha Irambona baiskeli kwenye bustani ya Lidcombe, akimkimbilia nyuma huku ameshika kiti, akimpigia kelele kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiingereza. Hakukuwa na mtu gerejini aliyejua zaidi yake.

"Mzee Biga. Wewe sema."

Bigirimana alifuta miwani kwa shati. Akaivaa. Akaivua tena akaanza kuifuta upya. "Sauti ni yake, Mama Ira."

"Sauti ni yake. Maneno je?"

"Mimi... mimi nilisema wateremke. Umenisikia. Nimesema tangu mwanzo." Alikuwa anaongea na sakafu. "Lakini kama vijana wenyewe wamekataa, mtu utafanyaje? Nitawalazimisha? Watasema wa mambo ya nje amewauza."

"Na kinywaji?" Alikuwa Nella, mlangoni mwa jikoni, sahani mkononi. Hakuwahi kusema neno kwenye kikao. "Baba Diane, mmekunywa."

Callixte alifikiri. Kisha uso ukamfunguka, kama mtu aliyepata funguo zake mfukoni.

"Tulikunywa, na tulimpa," akasema. "Aliomba tuseme ndiyo, tukasema ndiyo. Aliyekirudisha si sisi, ni mwanawe. Desturi hatukuivunja." Akawatazama wenzake. "Si kweli?"

"Kweli," Prince akasema.

Bigirimana hakusema kitu, na hilo nalo likahesabiwa.

Callixte aliichukua simu juu ya friza, akaisogeza mdomoni. "Kamanda. Vijana wamesikilizwa. Wapande kama ilivyopangwa." Akaondoa kidole. Simu ikatoa kile kimlio chake kidogo, ujumbe umekwenda.

Huko milimani ilikuwa bado asubuhi ya Jumamosi, watu wanaamka, wanafunga viatu. Verdiane aliitazama ile simu mkononi mwa mzee, jinsi ilivyozimika kioo.

"Keti, Mama Ira," Callixte akasema, akamsogezea kiti kwa mguu. "Kiti ni chako sasa. Kuanzia leo wewe ni mama wa mashujaa, hutapika tena, utakaa nasi. Nella, lete chakula, watu wana njaa."

Nella hakuleta. Prince ndiye aliyeingia jikoni, akatoka na sufuria ya maharage ambayo Nella alikuwa ameyapika mwenyewe siku hiyo, akaanza kupakua, na vijiko vikaanza kugonga sahani. Bigirimana alipokea yake akaiweka magotini bila kuigusa.

Verdiane aliinama chini ya shata akatoka.

Jua lilimpiga usoni. Mtu mmoja upande wa pili wa barabara alikuwa anaosha gari lake, watoto wanajimwagia maji kwa mpira, wanapiga mayowe ya furaha kwa Kiingereza. Mkoba wake ulikuwa umebaki gerejini, begani mwa kiti cha plastiki. Hakuukumbuka, au aliukumbuka akauacha.

"Mama Ira!" Nella alikuja hadi getini, peku, akirukaruka kwa moto wa saruji. "Mama Ira, unakwenda wapi na jua hili? Rudi kwanza! Rudi japo unywe maji!"

Verdiane alikuwa anatembea katikati ya njia ya miguu, mikono inaning'inia, si haraka, si polepole. Alifika kwenye ngazi za stesheni akazipita. Treni ya mjini iliingia, milango ikafunguka, ikafungwa, ikaondoka, naye alikuwa anaambaa uzio wa reli upande usio wa kwake, upande wa kutoka nje ya mji, na gauni lake la kijani likawa dogo, na Nella akaita tena mara moja, kwa sauti ambayo haikuwa na nguvu ya kufika.

Gerejini walimtengea sahani, wakaifunika na nyingine juu. Hakurudi.